Vyuo vya Morogoro, turudishieni majibu ya utafiti wenu

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongee na vyuo vikuu vyetu vya hapa Morogoro, na niongee pia na sisi wakazi na manispaa yetu, maana hili jambo liko moyoni mwangu muda mrefu na naona kila mtu analisema pembeni tu, sokoni, kwenye daladala, kwenye vijiwe vya bodaboda, ila hakuna anayelipeleka mbele. Mimi nafanya biashara ya mboga, mzigo wangu unatoka Mgeta na mwingine unashuka kwa kichwa kutoka Towelo, alafu nyumbani Mafiga nina vyumba nimepangisha wanachuo. Kwa hiyo wanachuo naishi nao, na wakulima wanaohojiwa na hao wanachuo ndo hao hao wanaonipa mzigo.

Ninachotaka kusema ni kimoja tu, utafiti unaofanyika kwetu urudi kwetu.

Watu wa nje wanaujua mji wetu kama mji kasoro bahari, wazee wanaujua kwa muziki wa Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, na vijana wa sasa wanaujua kwa treni ya SGR iliyoanza kuja huku 2024. Ila sisi tunaoishi hapa tunajua kinachotulisha siku hizi. Zamani ilikuwa viwanda, palikuwa na cha viatu, cha ngozi, cha turubai, vingi vikafa au vikabaki vinachechemea. Sasa hivi ni vyuo. Ipo SUA, yaani Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kuna Mzumbe ukishika njia ya Iringa, kuna Chuo Kikuu cha Waislamu, kuna Jordan pale Kola. Vyuo vikifungwa muulize yeyote mwenye genge, mama ntilie, mwenye stationari, bodaboda wa Misufini, atakwambia mji unakuwaje. Wakirudi mwezi wa kumi na moja tunapumua. Kwa upande wa pesa basi tumeshaungana siku nyingi, hilo halina ubishi. Ila elimu yenyewe, ile ambayo ndo sababu ya chuo kuwepo, inapita juu ya vichwa vyetu.

Na chuo chetu kikubwa sio cha jana. Pale chini ya milima ya Uluguru SUA ilianza kama chuo cha kilimo 1965, 1970 kikawa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alafu 1984 kikawa chuo kikuu chenyewe na kikapewa jina la hayati Edward Moringe Sokoine, ambaye alikuwa amefariki kwa ajali Aprili mwaka huo huo pale Dakawa, hapa hapa mkoani kwetu. Yaani chuo kimepewa jina la mtu ambaye maisha yake yote ya uongozi alikuwa anahimiza watu walime, watu wale washibe. Mimi jina hilo naliona ni deni kwa kila anayepita getini pale, mwalimu na mwanafunzi.

Sasa nieleze kinachotokea. Karibu kila msimu wanakuja vijana na hojaji, siku hizi wengine wana tableti, wako na barua ya mtendaji, wana adabu nzuri tu, wanakaa na mkulima saa nzima au zaidi. Unalima ekari ngapi, unapiga dawa gani, unachanganya dawa ngapi kwenye bomba moja, baada ya kupiga unakaa siku ngapi ndo unavuna, unavaa nini ukipiga, watoto wanaumwa nini. Mkulima anaacha kazi yake anajibu. Akina mama wa kikundi chetu cha mboga na sisi tulishahojiwa hivyo hivyo na wanafunzi wa chuo kimoja hapa mkoani, chuo sitakitaja maana naamini wangeweza kuwa wa chuo chochote, walichukua mpaka sampuli za nyanya na mchicha wakatuambia zinaenda maabara kuangaliwa mabaki ya dawa. Tuliwapa kwa moyo mweupe. Mpaka leo hatujui zile nyanya zilikutwa na nini.

Naomba msomaji akae na hilo kidogo. Ile nyanya naiuza mimi. Naiuza kwa mama mjamzito, naiuza kwa shule, nawapikia wanangu. Kuna mtu mahali fulani ana karatasi inayosema ile nyanya ni salama au sio salama, na karatasi hiyo imempa digrii, ila mimi ninayeishika kila asubuhi siijui. Kama ilikuwa safi ningependa niwaambie wateja kwa raha zangu. Kama ilikuwa na sumu basi mkulima wangu aambiwe asubiri siku ngapi baada ya kupiga, maana tangu kantangaze, wale wadudu wa nyanya, waingie nchini 2014 watu wamechanganyikiwa, nyanya inaliwa ndani ya jani na ndani ya tunda kwa siku chache shamba zima limekwisha, mkulima anapiga dawa leo, anapiga tena keshokutwa, anachanganya za aina tatu kwa vile muuza dawa kamwambia, na gari la kwenda Dar likifika anavuna hapo hapo. Hafanyi hivyo kwa roho mbaya. Ana mkopo, na bwana shamba wake ana vijiji vingi na pikipiki haina mafuta. Huyu mtu ndo wa kwanza kuhitaji majibu ya utafiti, na ndo wa mwisho kuyapata, mara nyingi hayapati kabisa.

Majibu yanaenda wapi? Yanaandikwa Kiingereza, yanasahihishwa, yanawekwa maktaba, mengine yanatoka kwenye majarida ya nje. Sina ugomvi na hilo, dunia ya wasomi ndo inavyokwenda na profesa anapandishwa cheo kwa hayo machapisho. Ninachosema ni kwamba baada ya hapo kuna kazi moja imebaki na haifanywi, na ni kazi ndogo.

Na isionekane nalaumu tu, maana pale pale SUA kuna mfano ambao mimi kila nikiueleza kwa wageni wanashangaa. Ni wale panya buku wa shirika la APOPO. Wako Morogoro tangu 2000, wanafundishwa kunusa mabomu ya kutegwa ardhini, na mmoja wao aliyezaliwa na kufundishwa hapa kwetu, Magawa, alipelekwa Kambodia akafanya kazi nzuri mpaka Septemba 2020 akapewa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza, panya wa kwanza kabisa kuipata. Hiyo dunia nzima iliisikia. Ila kazi inayonigusa mimi zaidi ni ile nyingine, ya kunusa kifua kikuu. Mtu anaenda kliniki anatoa makohozi, yanapimwa kwa darubini pale kliniki, na mengi yanaonekana hayana kitu. Sampuli zinaletwa kwa panya. Panya mmoja anaweza kupitia sampuli mia moja kwa kama dakika 20. Anayoisimamia kwa kukwaruza inapimwa tena maabara, ikithibitika mgonjwa ambaye alishaambiwa hana TB anagundulika anayo.

Hapo ndo ninapopapendea. Majibu hayaishii maabara. Yanarudi kliniki, na kuna watu wa kujitolea, wengine walishaugua TB wenyewe, wanamtafuta yule mgonjwa mpaka mtaani kwake aanze dawa. Mtu namba yake ya simu imebadilika, kahama chumba, jina kaandika la ukoo tu, lakini anatafutwa. Huo ndo utafiti ninaousema mimi. Umeanza na makohozi ya mtu wa Mji Mpya au wa Kihonda, umepita kwa panya na kwa wataalamu, na umerudi kwa yule yule mtu. Kama inawezekana kwa TB kwa nini isiwezekane kwa nyanya, kwa maji, kwa kuku wanaokufa na kideri?

Mfano mwingine ni mbuzi wa maziwa wa Mgeta. Miaka ya 1980 waliletwa mbuzi kutoka Norway kupitia SUA, wakapelekwa kule juu kwenye baridi maana huku chini joto lingewamaliza, na wakachanganywa na mbuzi wa kienyeji. Wataalamu walipanda na kushuka ile barabara mbaya, wakafundisha banda, wakafundisha malisho, na wakulima nao wakawafundisha wataalamu nini kinawezekana kwenye shamba la mteremko ambalo mtu akiteleza anafikia kwa jirani. Leo nikienda kuchukua mzigo Nyandira nakuta mbuzi bandani na watoto wanakunywa maziwa. Pia mtu yeyote wa hapa mjini mwenye ng'ombe au mbwa anayeumwa anajua hospitali ya wanyama ya SUA iko wapi. Kwa hiyo sio kwamba hawawezi. Wanaweza sana, ila inategemea mradi una mfadhili gani na profesa ana moyo gani. Mimi nataka iwe utaratibu, isiwe hisani ya mtu.

Tena sisi Waluguru na wote tunaoishi kwenye milima hii tuna historia yetu na wataalamu. Enzi za mkoloni, miaka ya 1950 mwanzoni, Waingereza walikuja na mpango wao wa kuzuia mmomonyoko Uluguru, wakalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi mlima mzima. Nia ya kuzuia udongo usiende mtoni haikuwa mbaya, ila sehemu nyingine ukichimba yale matuta unafukua udongo wa chini usio na rutuba unauweka juu, mahindi yanakuwa ya njano, na kina mama ndo waliobeba kazi yenyewe. Hakuna aliyewauliza. Mwaka 1955 ikawa ghasia kule Matombo, mtu akafa, na mpango wenyewe ukaachwa. Wazee wetu walitusimulia. Nalisema hili kwa sababu leo mlima unaongelewa tena, Mto Morogoro unapungua, Bwawa la Mindu linajaa mchanga, maji ya Ruvu yanayonywewa Dar es Salaam yanatoka kwenye mlima huu huu, na kila semina inasema wakulima wa juu wanaharibu vyanzo. Inawezekana ni kweli kwa sehemu. Basi waje waonyeshe kipimo kilichochukuliwa kwenye kijito cha kijiji hicho, mwaka huu kiasi gani na miaka kumi nyuma kiasi gani, wakae na watu waelewane walime nini na wapi. Mkulima wa Towelo akiona namba za kijito chake mwenyewe atabishana, atauliza, na mwisho atafanya kitu. Akiambiwa tu kwamba anaharibu mazingira atanyamaza na ataendelea.

Napendekeza hivi. Sasa hivi mwanafunzi au mtafiti akitaka kuingia mtaani anatoka na barua ya chuo, inaenda kwa Katibu Tawala, inashuka mpaka kwa mkurugenzi, inashuka kwa mtendaji wa kata, inaishia kwa mtendaji wa mtaa au kijiji ambaye anapiga muhuri. Njia ipo tayari na inafanya kazi vizuri wakati wa kuomba. Itumike hiyo hiyo wakati wa kurudi. Ukurasa mmoja, Kiswahili cha kawaida, tuliuliza nini, tuliwauliza watu wangapi, tumekuta nini, tunashauri nini, namba ya simu ya ofisi ya kuuliza zaidi. Ubandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtaa na usomwe kwenye mkutano wa mtaa, maana sio wote tunasoma ubao. Na chuo kisipokee ripoti ya mwisho ya mwanafunzi kama haina muhuri wa mtendaji kwamba mrejesho umefika. Mtoto wa mwaka wa tatu anayeweza kuandika kurasa sitini kwa Kiingereza hashindwi ukurasa mmoja wa Kiswahili, na mimi naamini ukurasa huo utamfundisha kitu ambacho zile sitini hazikumfundisha, maana akisimama mbele ya wazee wa Mwembesongo au Kichangani ataulizwa maswali ambayo msimamizi wake hatamuuliza.

Kwa zile tafiti za maabara zinazohusu chakula na maji, hapo naomba zaidi. Kama sampuli imekutwa na hatari, watu waambiwe mapema, wasisubiri mtu ahitimu.

Upande wa pili ni manispaa. Hawa wanapita kila siku mbele ya wataalamu na hawawaulizi kitu. Mji una shida zake zinajulikana, taka za soko la Chifu Kingalu, mifereji ya Kihonda mvua za masika, mbwa wanaozurura, mboga zinazomwagiliwa kwa maji machafu ya mtoni kwa sababu bustani ziko karibu na mji. Na kila mwaka wanachuo wanahangaika kutafuta mada, wengine nyumbani kwangu hapa nawasikia usiku wanaulizana umepata mada, sijapata, mwisho anachukua mada ya kaka yake wa miaka mitano nyuma anabadilisha kata. Sasa manispaa ikae na watendaji wake iandike maswali ya mji, iyapeleke vyuoni kabla mwaka wa masomo haujaanza, wenye kutaka wachague. Mwanafunzi wa Mzumbe anayesoma mambo ya utawala aje aangalie ushuru wa soko unakusanywaje. Wa SUA aje aangalie kwa nini nusu ya kabichi inaozea njiani kutoka Mgeta. Wote watapata data nzuri kuliko za kwenda kusumbua watu kwa swali ambalo hata wao hawalijali.

Na sisi wakazi. Wenye nyumba wenzangu mnisamehe, ila tunavyowafanyia hawa watoto sio vizuri. Boom, yaani hela ya mkopo ya wanachuo, likisikika limetoka kodi inapanda, mtu anadaiwa ya mwaka mzima mkononi kwa chumba ambacho choo kiko nje na taa ya uani hakuna, binti anatoka maktaba saa nne usiku anapita kwenye giza. Wakiibiwa geto tunasema ni mambo ya wanachuo. Huyu ni mtoto wa mtu katoka Kigoma, katoka Newala, kaletwa kwenye mji wetu. Akitembea vizuri hapa kwetu, akajua majina ya majirani, akaalikwa kwenye msiba na kwenye shughuli, ndo atajisikia ana deni na mtaa. Ukimchukulia kama pesa inayotembea na yeye atakuchukulia kama data inayotembea. Wenyeviti wa mitaa wa Mafiga, Magadu, Misufini na kule Mazimbu wanaweza kabisa kukaa na viongozi wa wanafunzi wakakubaliana bei, taa na ulinzi, hilo halihitaji wizara.

Nikigusia Mazimbu, wazee wa pale wanakumbuka kwamba kabla hapajawa kampasi ya SUA palikuwa shule ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini, wa ANC, iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu Aprili 1979. Eneo lilikuwa shamba la mkonge lililoachwa, Tanzania ikawapa 1977, wakajenga shule, hospitali, karakana ya samani, kiwanda cha nguo, shamba, na watu wa Morogoro walifanya kazi humo, wengine walioana nao. Mwaka 1992 wakatukabidhi wakarudi kwao. Makaburi yao yako pale mpaka leo. Watoto wetu wengi wa shule za msingi za hapa hapa mjini hawajawahi kupelekwa kuyaona na ni safari ya daladala moja. Chuo kikitenga hata Jumamosi chache kwa mwaka kwa ajili ya shule za mtaani, na wanafunzi wa chuo wakawa ndo waongozaji, gharama yake ni ndogo mno.

Kuna na hili la maktaba. Pale SUA ndo ipo Maktaba ya Taifa ya Kilimo ya Sokoine, ya taifa, sio ya chuo peke yake. Ila mtu wa kawaida geti anaogopa. Anaona mlinzi, anaona watu wana vitambulisho shingoni, anageuza. Wangetangaza tu kupitia redio yao ya SUA FM, ambayo tunaisikiliza sana sokoni, kwamba siku fulani mchana wakulima wanakaribishwa, kuna meza ya vipeperushi vya Kiswahili na kuna mtaalamu wa zamu wa kuulizwa. Nane Nane wanafanya vizuri sana kwenye hilo, banda lao pale uwanjani linajaa na maswali hayaishi, mimi mwenyewe nilijifunza pale kutofautisha mnyauko wa bakteria na wa ukungu kwenye nyanya, unakata shina unalitumbukiza kwenye glasi ya maji safi, ukiona kama uzi wa maziwa unashuka hapo ni bakteria, usipoteze hela kununua dawa ya ukungu. Kitu cha dakika tano hicho na kimeokoa hela za wakulima wengi niliowaambia. Lakini ni wiki moja kwa mwaka, na kantangaze hasubiri mwezi wa nane.

Mhariri, ombi langu kwa wakuu wa vyuo vyote vya Morogoro na mkurugenzi wa manispaa ni waitishe kikao kimoja kabla wanafunzi hawajarudi, wawepo watu wa ofisi za utafiti, watendaji wa kata na mitaa, viongozi wa wanafunzi, wakulima wa Mgeta na Uluguru na sisi wa sokoni, na ajenda iwe ni huo ukurasa mmoja wa mrejesho na hayo maswali ya mji. Wakipanga wapange mchana kuanzia saa nane. Asubuhi mzigo wa Mgeta unakuwa unashuka na nusu ya watu wanaotakiwa kuwepo hawataweza kuja.

Mfanyabiashara wa mboga,
Mafiga, Morogoro